Maji Yaliyokataa Kufika 100

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu ya kupakua. Wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea uhandisi aliniuliza kama yale masomo ya maabara yana faida kwa mtu anayepanga kuishia kwenye kompyuta. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimekumbuka jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu.

Mwaka 2006 nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Kila Alhamisi mchana tulikuwa na maabara ya vipimo. Wengi tuliiona kama adhabu: saa tatu za kusimama, halafu usiku wa kuandika ripoti. Tuligawanywa wanne wanne. Kundi letu lilikuwa na mimi, mtoto wa Malindi, vijana wawili waliokuja kutia sahihi tu (wao wenyewe wanajijua!), na dada mmoja kutoka Nyahururu aliyeandika kila kitu kwa kalamu ya wino. Akikosea, anapiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke. Mimi nilitumia penseli na kifutio.

Siku hiyo kazi ilikuwa themokapo. Kwa wasioijua, ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Ncha moja ikiwa kwenye joto na nyingine kwenye baridi, unapata volti kidogo sana, jambo ambalo Seebeck aliligundua mwaka 1821. Yetu ilikuwa ya aina ya K, inayotoa kama mikrovolti 41 kwa kila digrii moja. Ncha ya baridi tuliitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu na maji, yaani 0. Ncha ya moto tuliitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kipimajoto cha zebaki cha maabara kilikuwa kimevunjika muhula uliotangulia, kwa hiyo barafu na maji ya moto ndiyo yalikuwa alama zetu mbili za kuaminika.

Maji yakatokota. Tukasoma mara tano: milivolti 3.86, 3.87, 3.87, 3.88, 3.87. Yule dada akaandika. Nami nikafungua jedwali nyuma ya kitabu: kwenye digrii 100, aina ya K inatoa 4.10.

Nikasema waya umechakaa. Yeye akasema hapana, usomaji umetulia mno, waya mbovu ungerukaruka. Nikamwambia kila mtoto wa darasa la sita anajua maji huchemka kwenye 100. Akanijibu, "Kwetu maharagwe yanakaa motoni hadi unasahau kama uliyapika." Nilicheka. Nilidhani anabadilisha mada.

Jibu lilikuwa limening'inia ukutani. Kando ya mlango palikuwa na barometa ya zebaki, na fundi wa maabara, mzee mpole mwenye koti la kijivu, alikuwa ameandika ubaoni tangu asubuhi: 622. Hizo ni milimita za zebaki. Kwetu pwani ni kama 760. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa inayokandamiza maji ni pungufu, na kwa kipimo cha 622 maji huchemka kwenye digrii 94.5 hivi. Tazama jedwali kwenye 94.5 utakuta 3.87. Themokapo yetu haikuwa na kasoro hata kidogo! (Barafu haijali sana mambo ya urefu, ndiyo maana alama ya chini ilikubali bila ubishi. Celsius mwenyewe alilijua hili alipotoa kipimo chake mwaka 1742.)

Lakini mimi sikusoma ubao. Nilibeba karatasi za kundi nikaandike ripoti bwenini, na usiku huo nikaandika 4.09, 4.10, 4.10, 4.11, 4.10. Ona hapo. Sikubadilisha wastani tu, nilitunga hata ule mtawanyiko mdogo ili ionekane tumepima kweli. Asubuhi yule dada alipoiona alikataa kutia sahihi. Nikaipeleka hivyo hivyo, majina manne juu.

Mhadhiri alituita ofisini Jumatatu. Kinachochekesha ni kwamba mchoro wangu ulikuwa mzuri, na mstari ulikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa 4.10 kwenye 100 ni kweli popote duniani. Hakuuliza kuhusu mstari. Aliuliza: "Mlipataje maji ya digrii 100 kwenye sufuria isiyo na kifuniko, katika chumba kile, siku ile?"

Nikasema, "Mwalimu, sisi tulifikiri waya una hitilafu, ndipo tukarekebisha."

Sisi. Yule dada alikuwa amesimama kando yangu. Aligeuka akanitazama, kisha akatazama sakafu. Hakusema neno. Zoezi lile tulipewa sifuri sote wanne, naye muhula ule akapata B katika somo ambalo kila mtu alijua ni la A kwake.

Nilimaliza chuo, nikaingia kwenye programu, na nikaamini nimeachana na vipimo. Mwaka 2019 nikapata kazi ya kutengeneza mfumo wa kufuatilia joto kwenye tangi la kupoza maziwa, kituo kimoja cha kukusanyia. Maziwa yanatakiwa kukaa kama digrii 4. Sensa yetu ilikuwa DS18B20, kitu kidogo cha bei nafuu na kizuri, ila ina tabia moja: ikizimika na kuwaka, na ukaisoma kabla haijapima, inakuambia 85. Mteja akalalamika kuona 85 kwenye skrini. Nikaandika kichujio: chochote kinachozidi 10 ni takataka, kitupe, rudia usomaji uliotangulia. Mwezi mmoja baadaye nikaongeza kengele ya kulia joto likipita 12.

Mnaojua programu mmeshaona. Kengele ile isingeweza kulia hata siku moja.

Umeme ukapotea usiku, jenereta ikagoma. Betri ya mfumo wangu ilifanya kazi vizuri sana, na skrini ikaonyesha 9.9 hadi alfajiri. Mlinzi aliiona, akangoja kengele. Asubuhi lita 400 zilimwagwa. Tulipotafuta joto lilipanda saa ngapi, hapakuwa na kitu, kwa sababu namba halisi nilikuwa nazitupa kabla ya kuzihifadhi. Nililipa sehemu ya hasara. Wakulima wenyewe hawakuniuliza mengi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku hizi sensa ikisema 85 nahifadhi 85, na kando yake naweka alama kwamba nina shaka nayo. Ni ule mstari mmoja wa wino juu ya kosa, hakuna zaidi. Kijana wangu, hilo ndilo jibu lako, na samahani kwa urefu.

Baada ya kumjibu nilimtafuta yule dada. Haikuwa vigumu, yuko kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu, kimya kama kawaida yake. Nikamwandikia kuhusu ile ofisi, na lile neno "sisi", na maziwa. Alijibu kesho yake jioni.

"Najua. Nilikuwa hapo."

Halafu, baada ya dakika chache: "Kichujio kilikuwa cha digrii ngapi?"

Nikamwambia 10. Akaniuliza kwa nini 10 na si 80, na mpaka sasa ninapoandika haya bado sijamjibu.