Njia ya mama, toka Kikula mpaka gare

Ukifika Likasi, toka Kikula utembee kwa miguu mpaka gare. Ni njia ya mama yetu. Mwaka 1992 majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa manyumbani. Maelfu walilala pale gare na watoto, wakingojea treni. Mama alipika bukari na sombe, akajitwika sufuria, tukaenda. Njiani watu wakamuuliza: "Weye uko upande gani?" Akajibu: "Njala haina kabila." Mimi niliogopa, nikabaki nyuma, kama mtu asiyemjua. Hakunigombeza, alinipa sahani nigawe.

Mama amekwisha kulala. Kijana, siku jirani yako anafukuzwa, usitembee nyuma kama mimi. Beba sufuria.