Mgeni Ana Jina, Mwenyeji Je?

Kila Machi, kabla ya masika kukolea, mimi hushuka alfajiri katika bonde la kwetu Mukurwe-ini, Nyeri, nikiwa na daftari la ndege. Mwanzoni mwa mwezi mbayuwayu hujaa kwenye nyaya za umeme. Aprili ikiisha, wengi wamekwisha kurudi Ulaya kuzaliana. Hao ni wageni, na Kiswahili kimewapa jina.

Vichakani, kandokando ya mibuni, yumo mwenyeji: ndege wa kahawia, mwenye madoa meupe na macho mekundu, aendaye kwa makundi yenye kelele. Hapatikani kokote duniani ila Kenya. Wataalamu humwita kwa jina la Hinde, afisa wa enzi za ukoloni.

Mwaka jana baba alitaka kufyeka kichaka cha mwisho apande viazi. Nilimsihi amwachie ndege yule.

“Ndege gani?” akauliza.

Nilibabaika, si kwa Kikuyu wala kwa Kiswahili, sikuwa na jina la kumtajia. Baba alikiacha kichaka kwa ajili yangu, si kwa ajili ya ndege.

Wanaisimu wenzangu, tumeiundia tarakilishi jina. Je, jirani yetu huyu?