Jinsi Nilivyopokewa Kanisani

Mwaka 1978 nalikuwa kijana, karani katika ghala ya mahindi mjini Mbeya. Katika nyumba niliyopanga palikuwa na jirani mmoja, mtu mpole, ambaye kila Jumapili asubuhi alipita mbele ya mlango wangu na Biblia yake kwapani. Siku moja akaniambia, "Ndugu yangu, twende pamoja leo. Ukipenda utarudi, usipopenda, hapana atakayekulaumu." Nikaona haya kumkatalia. Nikavaa shati safi, nikafuatana naye mpaka kanisa la Wabaptisti.

Kanisa lenyewe lilikuwa nyumba ndogo ya matofali, bati juu, na ndani mabenchi yasiyo na egemeo. Hapakuwa na sanamu wala mishumaa. Mbele palikuwa na mimbara, na nyuma yake birika la saruji lililofunikwa kwa mbao. Baada ya kuimba na kusali, mchungaji akawataka wageni wasimame, wataje majina yao. Nikasimama. Watu wakaja kunipa mkono mmoja mmoja, na miongoni mwao shemasi, mzee wa mvi, akanishika kwa mikono yote miwili.

Nalipomtazama uso, moyo wangu ulishtuka. Alikuwa fundi seremala aliyenitengenezea kitanda cha mninga mwaka uliotangulia. Nalimlipa nusu ya fedha, nikaahidi kuleta nusu ya pili mwisho wa mwezi. Kisha nikahamia mtaa mwingine, wala sikumpelekea hata senti moja. Nikasema, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Karibu sana." Hakuongeza neno.

Nikakata shauri nisirudi tena. Lakini kama yule mzee angalinigombeza, ningalikaa nyumbani bila wasiwasi. Ukimya wake ndio ulionirudisha. Jumapili iliyofuata nikaenda, nikaketi nyuma karibu na mlango. Na baada ya miezi michache nikaomba kuingia darasa la wanafunzi.

Humo mchungaji alitufundisha asili ya Wabaptisti. Mwaka 1609, katika mji wa Amsterdam, Waingereza wachache waliokimbia kwao kwa ajili ya dini walibatizwa pamoja na kiongozi wao, John Smyth. Waliona ya kuwa ubatizo ni wa mtu aaminiye mwenyewe, si wa mtoto mchanga asiyejua maana yake. Mwenzao Thomas Helwys alirudi Uingereza, na katika kitabu chake cha mwaka 1612 akanena kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, akatiwa gerezani. Mwaka 1793 William Carey, aliyekuwa mshona viatu, akasafiri kwenda Bara Hindi kuhubiri. Na mwaka 1956 wamisionari Wabaptisti kutoka Marekani wakaanza kazi Tanganyika na Kenya.

Kisha akatueleza desturi ya kupokea watu. Kanisa letu halikuwa na askofu wa kulitawala; mambo makubwa yaliamuliwa na washiriki wote pamoja. Mtu aliyetoka kanisa jingine la Wabaptisti alikuja na barua ya ushirika. Asiyebatizwa kwa imani yake mwenyewe alipaswa kuzamishwa majini. Lakini kwanza jina lake lililetwa mbele ya washiriki, na kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kusema alijualo juu yake, ndipo wakainua mikono.

Nalipoyasikia hayo nikawaza mambo mawili. La kwanza lilikuwa mama yangu. Kwetu Rungwe ni kwa Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika mwaka 1891, na mama alikuwa amenipeleka kubatizwa nikiwa mchanga. Nalikwenda nikamweleza. Akanyamaza kitambo, akipepeta mchele wake. Mwisho akasema, "Mwanangu, siku ile mimi nalisema kwa niaba yako. Sasa una kinywa chako. Walakini usiseme kwa kinywa jambo ambalo mikono yako hailitendi."

Neno lake likanipeleka moja kwa moja kwenye jambo la pili, yaani fundi. Nalijua ya kuwa siku ya mkutano atasimama na kunitangaza. Basi nikaenda kwa mchungaji, nikamwungamia deni langu, nikasema, "Kesho nitamlipa, ili asiwe na neno juu yangu." Mchungaji akanitazama, akauliza, "Na kama fundi asingalikuwa mshiriki wetu, ungalimlipa?"

Sikuwa na jibu. Nalitoka nimeinamisha kichwa, maana nilitambua kwamba nalitaka kununua mkono wake siku ya mkutano. Nikaomba jina langu lingoje.

Kwa miezi mitatu nalimpelekea fundi sehemu ya mshahara wangu, mpaka nusu ile ikaisha. Lakini swali la mchungaji halikuniacha. Nikamkumbuka mzee mmoja mwenye duka huko Tukuyu, Mwislamu, aliyenikopesha sukari na mafuta ya taa nilipokuwa sina kazi. Yeye hakuwa na mkono wa kuinua katika kanisa letu. Nikapanda basi, nikaenda. Mzee akafungua daftari lake, akaliona jina langu, akapokea fedha, akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikamjibu, "Hapana aliyenituma, Mzee." Akalifuta jina kwa kalamu, akanipa chungwa nile njiani.

Ndipo jina langu likaletwa mbele ya washiriki. Mchungaji akauliza kama yuko mwenye neno. Fundi akasimama. Magoti yangu yakalegea, ijapokuwa sikuwa na deni tena. Akasema, "Kijana huyu namjua kuliko ninyi nyote. Alinidhulumu, nami nikamwombea. Sasa amelipa. Mimi nainua mkono wangu." Mikono yote ikafuata ya kwake.

Tulibatizwa mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali ya Mbeya. Mbao za birika ziliondolewa, nikashuka katika maji yaliyonikata pumzi. Mchungaji akaniuliza kama namwamini Bwana Yesu, nikajibu kwa kinywa changu mwenyewe; akanizamisha, akaniinua. Nalipofumbua macho nalimwona mama ameketi benchi la mbele, na karibu naye fundi ameshika blanketi la kunifunika.

Ninyi wanafunzi, mtu akiwauliza jinsi ya kuingia katika kanisa, mtamwambia habari za darasa, mkutano na maji. Nanyi mtakuwa mmesema kweli. Lakini mimi safari yangu ilianza pale nilipoulizwa kama ningalilipa deni ambalo hapana angalilitaja. Wazee husema, dawa ya deni ni kulipa. Kitanda kile cha mninga ninacho hata leo, nami hulala juu yake usingizi mzuri.