Nanjing, Mji wa Matofali Yenye Majina

Katika miji ya kale ya China, Nanjing haupewi na wageni heshima unayostahili. Wengi hukimbilia Beijing, wakasahau kwamba wafalme wa Ming waliufanya Beijing kuwa mji wao mkuu mwaka 1421, na kwamba kabla ya hapo walikaa hapa, kando ya mto Yangtze. Hata jina la Nanjing maana yake ni Mji Mkuu wa Kusini.

Mgeni mwenye siku moja tu hutafuta kiongozi, naye kiongozi humchukua asubuhi mapema mpaka mlima Zijin, mashariki ya mji, kwani joto la Nanjing wakati wa kiangazi lajulikana China nzima. Huko limo kaburi la Zhu Yuanzhang, mtoto wa mkulima maskini, aliyepata kuwa mtawa wa kuombaomba kabla ya kuiteka nchi na kutawazwa mwaka 1368. Kaburi lenyewe halijafunguliwa hata leo, wala hapana cha kutazama ila kilima chenye miti. Lakini njia ya kulifikia yatosha. Pande zake mbili wamepangwa wanyama 24 wa mawe, wa aina sita, wengine wamesimama na wengine wamepumzika chini. Watoto hukimbilia tembo na ngamia. Mtu wa Afrika ya Mashariki na amtazame zaidi qilin, mnyama wa hadithi ambaye Wachina waliamini kwamba huonekana pale tu mfalme anapotawala kwa haki. Huyo ana habari zinazohusu pwani yetu, nazo zinangoja jioni.

Chakula cha mchana ni bata wa chumvi, ambaye huliwa akiwa baridi, na watu wa Nanjing hawakubali kwamba kuna mji mwingine uwezao kumpika.

Baada ya kula, kiongozi huwapeleka wageni kwenye Lango la Zhonghua, upande wa kusini. Kwa kweli hayo ni malango manne yaliyofuatana, na kati yake mna viwanja vitatu vyenye kuta pande zote, ili adui akilivunja lango la kwanza anaswe kama panya mtegoni. Ukuta wa mji ulijengwa katika karne ya 14, urefu wake kilometa 35 hivi, na kama kilometa 25 zingali zimesimama. Sehemu kadha zilibomolewa katika miaka ya 1950. Ni bahati njema kwamba kazi hiyo haikumalizwa.

Lakini ajabu ya ukuta huu si urefu wake. Mgeni akiinama karibu ataona kwamba matofali mengi yana maandishi ubavuni. Yaliletwa kwa mashua kutoka wilaya nyingi, na kila wilaya iliamriwa kutia majina: afisa wa jimbo na karani wake, afisa wa wilaya na karani wake, wakubwa wa vijiji, mchomaji wa tanuri, na mwisho kabisa yule maskini aliyelifinyanga tofali. Likipasuka, serikali ilijua mara moja wa kuulizwa. Makarani wa nchi zote wamezoea kuandika majina ya wengine; hapa karani naye ameandikwa katika udongo, ukachomwa, na baada ya miaka zaidi ya 600 jina lake lasomeka. Hapana shaka aliogopa siku lile jina lilipotiwa.

Ukuta huo mwema haukuuokoa mji mwezi wa Desemba 1937, jeshi la Japani lilipoingia na kuua raia. Wachina huhesabu waliokufa kuwa 300,000. Jumba la ukumbusho wao liko magharibi ya mji, na kiongozi mwenye adabu hawapitishi watu huko kwa haraka. Huwaambia watenge siku nyingine.

Jioni safari huishia karibu na Yangtze, mahali palipoundwa merikebu za Zheng He, yule amiri Mwislamu aliyesafiri mara saba kati ya mwaka 1405 na 1433. Yamebaki mabwawa matatu, marefu na membamba, yenye maji yaliyotulia. Mwaka 1957 ulichimbuliwa hapa mti wa usukani wenye urefu wa mita 11, na mbele ya kipimo hicho hata mwenye kubisha hunyamaza. Baadhi ya merikebu zake zilifika pwani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa Mfalme Yongle. Maafisa walipomwona walisema ndiye qilin, amekuja kuusifu utawala wa haki. Mfalme mwenyewe alitoka mpaka langoni kumpokea.

Yule wa mawe kule mlimani ana shingo fupi.