Jumapili Kabla ya Ibada

Ndege haikungoja ibada. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Miraa ikishachumwa ina siku mbili hivi za uhai, kisha inanyauka na hakuna anayeitaka. Kwa hiyo mnunuzi akihitaji mzigo Jumatatu asubuhi, mti hukwewa Jumapili alfajiri. Baba yangu, mwekahazina wa kanisa, alisimama chini ya mti na tochi, akiwahimiza wachumaji kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, kana kwamba jirani naye hakuwa chini ya mti wake na tochi yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata majani ya mgomba ya kufungia mabunda. Saa tatu tulikuwa tumeketi benchi la mbele, viatu vinang'aa, na vidole vyangu vina madoa ya utomvu wa mgomba. Utomvu ule hautoki kwa sabuni. Nilikuwa nakalia mikono wakati wa maombi.

Hapo ni Kangeta, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, miteremko ya Nyambene. Kuna aina ya miraa inayoitwa kangeta hadi Eastleigh ya Nairobi, na wengi wanaoitafuna hawajui kwamba ni jina la kwetu. Kwetu miraa si zao tu. Mchumba huombwa kwa miraa, na wazee hawakai kuamua kesi mikono mitupu. Wamisionari walipopanda Meru mwanzoni mwa karne iliyopita, Wakatoliki wa Consolata na Wamethodisti, waliukuta mti huu umekwisha kuzeeka. Mingine, ile tunayoiita mbaine, ilikuwa imerithiwa mara kadhaa.

Kanisa letu, ambalo sitalitaja, lilikuwa limeguswa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika Kenya kabla muongo huo haujaisha. Kufikia utoto wangu, miaka ya 1980, moto wake ulikuwa umepoa lakini desturi ilibaki: kusimama mbele ya ndugu na kutubu kwa kutaja. Hukusema “nimetenda dhambi” ukakaa. Ulisema ni ipi, lini, na nani. Nimewasikia watu wazima wakirudisha jembe lililoibwa miaka kumi iliyopita. Nilimwona mwanamke akivuka kanisa zima kwenda kumshika mkono mke mwenza aliyekuwa hasemi naye. Wanaoudharau uamsho ule leo hawakuyaona hayo.

Lakini pia nilimwona baba. Alisimama akashika kofia kwa mikono miwili akasema, “Ndugu, nimechuma siku ya Bwana. Tena.” Neno hilo la mwisho ndilo lililomponza. Wazee walikaa, wakamtenga na Meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Sanduku la fedha alinyang'anywa, ila mchango wa mabati ya kanisa hakusamehewa, na mabati yale yalinunuliwa kwa miraa, yake na ya wazee waliomhukumu. Suala la fedha za miraa lilijadiliwa kila mwaka wakati wa mavuno. Mmoja angefungua Kumbukumbu la Torati sura ya 23, panapokatazwa malipo fulani yasiletwe nyumbani mwa Bwana, na mwingine angeuliza kama paa livunjwe basi. Halafu mnada wa ndizi na mbuzi ungeendelea, na waliopandisha bei walikuwa walewale wa miraa.

Babu, baba yake baba, hakuwa amebatizwa, na mjadala huo ulimchekesha sana. Alikuwa mzee wa njuri, baraza la wazee wa Kimeru. Kwao mtu akikosa aliitwa, akasikilizwa, akatozwa. Mbuzi akachinjwa, wakala pamoja na aliyekosewa, na kuanzia siku hiyo aliyelitaja kosa lile ndiye aliyekuwa na kesi. Siku ile ya baba alimwambia, “Nyinyi mnatubu kosa moja kila juma. Mbuzi wangu alichinjwa mara moja, akaliwa, yakaisha.” Baba alinyamaza. Miaka mingi baadaye nilipoisoma Waebrania sura ya 10 kwa utulivu, ile inayohusu sadaka iliyotolewa mara moja tu, nilimkumbuka yule mpagani wetu, nikaona alikuwa ameshika jambo ambalo benchi la mbele lililiimba bila kulishika.

Hema lilikuja baadaye, miaka ya 1990 inakaribia kwisha. Lilikuja na jenereta, kinanda na vipaza sauti vilivyosikika hadi ng'ambo ya bonde. Vijana tulikimbilia huko, na sitajifanya kwamba tulipumbazwa. Tulipumua. Mhubiri hakuuliza mikono yako ina madoa ya nini. Alisema Mungu wetu si maskini, na mtoto wa mfalme hatembei kwa miguu. Madereva wa Hilux, wale wanaokimbiza mzigo Nairobi kama wanaofukuzwa na mauti (na mauti iliwapata wengi barabarani), waliinua funguo zao juu zikaombewa. Katika kanisa la baba, dereva wa miraa alikaa nyuma na kutoka kabla ya baraka. Hemani aliitwa jukwaani. Mtu ambaye hajawahi kuaibishwa kwa kazi yake hawezi kujua utamu wa kuitwa mbele.

Msamiati ndio uliobadilika kwanza. “Toba” ikapungua, “upenyo” ikaongezeka. “Sadaka” ikawa “mbegu”. Fundisho la mbegu lilitoka Marekani, kwa wahubiri kama Oral Roberts: unachotoa unakipanda, na Mungu ana wajibu wa kukurudishia mavuno. Kwa mkulima linaingia akilini upesi kuliko neema. Neema haifanani na shamba. Shambani hakuna anayevuna asichopanda, na ukisema yuko, jirani ataweka mlinzi.

Mama alihamia hemani, baba akabaki kwenye benchi lake. Hawakugombana, kila Jumapili waliachana njia panda, mmoja akapanda, mmoja akateremka.

Kisha ikaja tarehe 24 Juni 2014. Siku hiyo Uingereza ilipiga miraa marufuku, ingawa baraza lake lenyewe la wataalamu lilikuwa limeshauri mwaka uliotangulia kwamba ushahidi wa madhara haukutosha. Uholanzi ilikuwa imeshafunga mwaka 2013. Mabunda ya kwenda Heathrow yalibaki. Bei ilishuka, wachumaji wakakaa chini ya miti wakicheza karata mchana. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hema lilikuwa nacho tangu mwanzo, ila hatukuwa tumekihitaji: hatia. Watu walikuwa wamepanda mbegu na mavuno yamefungiwa London. Mhubiri hakuweza kusema Mungu ameshindwa. Akasema kuna Akani kambini, yule wa kitabu cha Yoshua aliyeficha nyara chini ya hema Israeli wote wakapigwa. Akani ni nani? Kila mtu ajichunguze. Nani ana imani haba? Nani alipunguza mbegu?

Mama alijichunguza akajiona ni yeye. Alikuwa ameahidi shilingi 5,000 akatoa 3,000. Aliuza mbuzi jike mwenye mimba akaenda kumalizia.

Usiku huo ndio nilimsikia baba akipaza sauti. “Mimi walinitoza kwa kuvuna. Wewe wanakutoza kwa kutovuna. Sasa ni lini mtu husamehewa bure?”

Mama akamjibu taratibu, “Wewe, mzee, ulisamehewa kwa kutengwa. Mimi angalau nilikaribishwa.”

Sijasikia mjadala wa wanateolojia uliogusa penyewe kuliko huo. Kila mmoja alisema kweli kuhusu kanisa la mwenzake.

Novemba mwaka huohuo televisheni ya KTN ilionyesha uchunguzi wake kuhusu mhubiri Victor Kanyari wa Nairobi: waumini wakitakiwa kutuma mbegu ya shilingi 310, na miguu ikioshwa kwa maji yanayogeuka mekundu kama damu, kumbe ni pamanganeti. Nchi nzima ilicheka. Nyumbani kwetu mama aliangalia mpaka mwisho, akasema, “Huyo ni wa Nairobi. Wetu haoshi mtu miguu.” Mwaka 2016 Mwanasheria Mkuu, Githu Muigai, alileta kanuni za kuyabana makanisa, wahubiri wawe na vyeti vya theolojia. Makanisa yalipiga kelele, ya zamani na mapya kwa pamoja, na kanuni zikaondolewa. Mwaka huohuo sheria iliitambua miraa kuwa zao kama kahawa na chai. Serikali ilitusamehe kabla ya kanisa.

Kulikuwa na kundi la tatu, nisilisahau. Watu wa Toba na Utakatifu, wafuasi wa David Owuor, walipita wamejifunika vichwa, nguo hadi kifundoni, wakiita taifa zima litubu. Waliichukia injili ya fedha kuliko baba alivyoichukia. Baba aliwasikiliza sokoni mara moja, akarudi akasema hao angalau wanajua kuna kitu kinaitwa dhambi. Hakurudi tena. Alikuwa ametubu vya kutosha, alisema.

Jirani yetu mmoja, Mmethodisti, ndiye aliyeniletea hotuba ya John Wesley kuhusu matumizi ya fedha, iliyochapishwa mwaka 1760. Watu wa injili ya mafanikio hupenda sehemu inayomtaka Mkristo atafute mali kwa bidii. Huiruka sehemu inayofuata, anapokataza mali itokanayo na kinachoudhuru mwili wa jirani, na anawataja wauza pombe kali. Jirani alimsomea baba, akamuuliza, “Sasa wewe unamuuzia Mwingereza nini?” Baba akasema Mwingereza hatafuni, wanaotafuna ni Wasomali wa London. Wakacheka. Lakini baba alikaa na karatasi zile siku kadhaa. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka yote ya kuhukumiwa hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Walimuuliza kuhusu siku ya kuchuma. Hawakumuuliza kuhusu kijana wa Isiolo asiyelala, anayekula posho ya watoto kwa majani. Hiyo, alisema, ndiyo toba ambayo angestahili kuitwa aifanye, na hakuna kanisa lililomwita, kwa sababu makanisa yote mawili yalihitaji mabati.

Naona alikuwa na haki. Hatia ya Kangeta ilihama kutoka Jumapili hadi pochi, na mara zote mbili ilimruka mtu aliye upande wa pili wa mzani. Luther alipogombana na wauza vyeti vya msamaha mwaka 1517, walau walichodai kuuza kilikuwa msamaha. Kwetu mama alinunua upenyo, akauziwa hatia.

Machi 2020 Somalia nayo ilifunga, corona imeingia, makanisa yakafungwa na hema likakunjwa. Mbegu ziliendelea kuombwa kwa M-Pesa kwa muda, kisha namba ile ikawa haipatikani. Mahali pa hema sasa panaoshwa pikipiki. Baba alifariki mwaka uliofuata. Katika wiki zake za mwisho mchungaji kijana, ambaye hakumjua enzi za sanduku, alimletea Meza ya Bwana kitandani. Baba aliuliza kama amwambie kwanza kuhusu Jumapili zake. Kijana akasema, “Kula kwanza, mzee. Tutaongea baadaye.” Hawakuongea baadaye, hakukuwa na siku.

Nilipopanga kasha la mama mwaka jana nilikuta bahasha za mbegu, kumi na nne, amezifunga kwa uzi wa mgomba kama bunda. Kila moja ina kiasi kwa kalamu. Jumla ni shilingi 38,500. Nilimuuliza kama nizichome. Akasema niziache, ni hesabu yake na Mungu, na kwamba siku hizi yuko kwenye benchi la baba.

Ndege za Mogadishu zilirudi Julai 2022. Kesho ni Jumapili, wachumaji wanakuja saa kumi na moja, na ibada ni saa tatu.