Picha ya Mshono wa Baba

Nikisema nafanya kazi ya nyuklia hapa Nakuru, watu hucheka. "Nyuklia gani? Si hiyo ni ya Siaya?" Ya Siaya bado ni mpango, na kabla yake ilikuwa Uyombo kule Kilifi, wenyeji wakaipinga. Nilipomaliza digrii ya fizikia, nusu ya darasa letu ilikuwa inatafuta udhamini wa kwenda Korea Kusini kusomea vinu. Niliomba mara mbili, nikakosa mara mbili. Basi nikaenda kujifunza kupiga picha vyuma.

Kazi iko hivi. Mabomba ya mvuke, kama yale ya Olkaria na Menengai, huunganishwa kwa kuchomelewa, na mshono ukiwa na kasoro ndani, jicho haliioni. Tunangoja usiku mafundi waende, tunazungushia eneo kamba, halafu tunaitoa iridiamu-192 kwenye sanduku lake. Mionzi inapita chumani na kuacha picha kwenye filamu upande wa pili. Sanduku ni dogo lakini linavunja mgongo, kwa sababu ukuta wake ni wa urani, ile inayobaki baada ya kuondolewa sehemu inayofaa vinu. Iridiamu hupungua nguvu kwa nusu kila siku 74, kwa hiyo kadiri inavyozeeka ndivyo tunavyozidi kukaa kwenye baridi. Leseni inatoka kwa KNRA, mamlaka ile ile itakayokagua kinu siku kikija. Kifuani navaa kibeji cha kupima mionzi. Mamangu huuliza swali moja tu: kama nitazaa.

Baba ni fundi wa kuchomelea, jua kali, tangu kabla sijazaliwa. Mageti, madirisha, mikokoteni ya punda. Uchimbaji wa visima vya mvuke ulipoanza Menengai mwaka 2011, alienda kwa kontrakta mmoja kuomba kazi. Hakuvuka geti. "Waliniitisha karatasi," husema, "nikawaonyesha mikono."

Tukiongea ajira za nyuklia tunafikiria wasomi wa koti jeupe. Lakini kinu pia ni mabomba na mvuke, na kinahitaji mafundi wengi kuliko wanafizikia, na mishono yao hupigwa picha hivi hivi. Nilimwambia baba afanye mtihani wa uchomeleaji wa mabomba. Akakataa miezi mitatu. Akakubali siku nilipomwambia nimeshalipa.

Kabla ya mtihani, bosi wangu alituruhusu kupiga picha kipande chake cha mazoezi. Kwa nje ulikuwa mshono mzuri sana, umejipanga kama magamba ya samaki. Nikaosha filamu kwenye chumba cha giza. Katikati palikuwa na mstari mweusi, umenyooka kama rula. Mzizi haukushika.

Nilimpelekea nyumbani, tukaiinua kwenye taa ya sebuleni. Aliitazama muda mrefu.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako, baba."

Akauliza kama mageti yote aliyotengeneza Section 58 yako hivyo ndani. Nikamwambia geti halibebi mvuke. Hakucheka.

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nilisikia grinda uani. Alikuwa anakikata kile kipande katikati, ajionee mwenyewe.