Binti wa mama mdogo ni mfanyakazi au mgeni?

Dada yangu amefungua tanuri la mikate Tabata, Dar es Salaam. Ana wafanyakazi watano: mwokaji, mkandaji unga, wauzaji wawili na kijana wa bodaboda anayepeleka mikate madukani. Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya, lakini kwenye familia mwenye kompyuta ndiye mhasibu, kwa hiyo orodha ya mishahara ikanidondokea.

Hesabu hazikutusumbua kama tulivyodhani. Kilichotusumbua ni jina la tano kwenye orodha, binti wa mama yetu mdogo, mwenye miaka 23, ambaye analala na kula kwa dada na anauza mikate kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Dada alipanga kumpa "hela ya matumizi". Mama alimuunga mkono: mtoto wa nyumbani hapigiwi hesabu, alisema, nguo atanunuliwa, akiugua atatibiwa. Wazazi wengi wanaosoma hapa wamewahi kutoa binti kwa namna hiyo au kumpokea, na wamefanya hivyo kwa moyo mweupe.

Mimi niliuliza swali moja tu: huyu ni mfanyakazi au mgeni?

Nililiuliza kwa sababu ya ninayoyaona kazini. Mafao ya uzazi ya NSSF yanamtaka mama awe na michango ya miezi isiyopungua 36, na 12 kati yake iwe imeingia ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Nimezungumza na wanawake waliofanya kazi miaka mitano, sita, mimba ikafika, wakaenda kuulizia na kukuta mwajiri hakuwahi kuwaandikisha. Miezi ile haipo popote. Binti yetu akianza kuchangiwa leo, miezi 36 inatimia akiwa na miaka 26. Akianza "biashara ikikaa sawa", kama dada alivyopendekeza, hakuna anayejua itatimia lini.

Basi tukakaa na karatasi. Mwokaji tuliandika 350,000 kwa mwezi, wengine wanne 220,000 kila mmoja, baada ya kutazama amri ya kima cha chini cha mshahara ya sekta yetu. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwetu nusu anatoa mwajiri, nusu anakatwa mfanyakazi. Kwa hiyo mwokaji anakatwa 35,000. Inabaki 315,000, na hapo ndipo kodi ya mshahara inapoanza: 270,000 za mwanzo hazikatwi, 45,000 zinazozidi zinakatwa asilimia 8, yaani 3,600. Mkononi anapata 311,400. Wenye 220,000 hawafiki kwenye kodi. Wanakatwa 22,000 za NSSF na kuondoka na 198,000.

Ukiwa na biashara ndogo, simama hapo. Ukimwambia mtu "nitakulipa laki tatu na nusu" na mwisho wa mwezi ukampa 311,400 bila maelezo, umeshaitwa mwizi, na taarifa itafika sokoni kabla ya mikate. Dada aliwaita mmoja mmoja kabla ya kusaini mkataba, akawaonyesha tarakimu zote tatu: ya mkataba, ya makato, ya mkononi. Ndizo hizo hizo zinazotakiwa kuonekana kwenye hati ya mshahara kila mwezi.

Upande wake yeye, juu ya mishahara ya 1,230,000, anaongeza 123,000 za NSSF na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambayo ni 6,150. Jumla ya nyongeza 129,150. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haimhusu kwa sasa kwa sababu inaanzia wafanyakazi 10. Dada hafikirii kwa shilingi, anafikiria kwa mikate. Kwake mkate mmoja unabakiza 150 baada ya unga, sukari, hamira na gesi. Alipiga hesabu akasema, "Mikate 33 kwa siku." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema duka moja la kona linachukua zaidi ya hiyo.

Ile 6,150 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mashine ya kukandia unga haichagui mkono, na tanuri ni moto. Katika wodi za majeruhi nimekuta vijana walioumia kazini, ndugu wakichangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili wapate hela ya upasuaji, na mwajiri amezima simu. Mfanyakazi aliyeumia kazini ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia kupitia mfuko huo, na akifariki, wategemezi wake wana haki yao. Mwajiri anapaswa kujisajili hata kama ana mtu mmoja.

Tulibishana pia kuhusu mikate inayoungua. Dada alitaka iwe inakatwa kwenye mshahara wa mwokaji papo hapo. Sheria ya ajira haimruhusu kufanya hivyo kwa uamuzi wake peke yake: mfanyakazi asikilizwe kwanza, akubali kwa maandishi, na makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara. Alinung'unika, lakini alikubali. Kama mwokaji mwenyewe ndiye aliyelalamikia geti la tanuri lisilofunga vizuri, sijui angemkata nani.

Mengine ni ya kuweka alama kwenye kalenda. Kodi ya mshahara ifike TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. NSSF nayo ilipwe ndani ya mwezi unaofuata. Na kila Julai, bajeti mpya inapoanza, viwango vitazamwe tena kwa sababu vimekuwa vikibadilika. Dada alichagua kulipa tarehe 28 ili abaki na siku chache za kuandaa malipo ya serikali kabla fedha hazijageuka unga.

Kuhusu binti wa mama mdogo, ilichukua jioni mbili na simu ndefu ya kwenda kijijini. Ameandikwa 220,000 kama wenzake, ana mkataba, ana namba ya NSSF. Chakula cha nyumbani anachangia 40,000, ila haikatwi kwenye mshahara. Anapokea zake 198,000 kwanza, kisha anaitoa kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu mzima yeyote anayeishi kwa ndugu. Mama bado anaona tumemfanya mtoto kuwa mpangaji. Binti mwenyewe mwezi wa kwanza aliipiga picha hati yake ya mshahara akamtumia mama yake.

Aliyegoma ni kijana wa bodaboda. Anasema 22,000 ni mafuta ya siku kadhaa, na uzee uko mbali. Dada amemweleza kuwa si hiari, naye amesaini huku amenuna. Juzi aliniuliza pembeni kama fidia ile inamhusu akigongwa njiani akiwa amebeba mikate. Nilimwambia ndiyo, akiwa kazini inamhusu. Akataka nimwonyeshe imeandikwa wapi.